Mkono Uliochuna Shubiri

Siku ya kwanza Ejore Epuyo alimwandika Namuria katika daftari la maabara kama mchukuzi. Ukurasa ulikuwa na safu mbili tu, watafiti upande wa kushoto na wachukuzi upande wa kulia, na kalamu yake haikusita. Mwanamke yule alikuwa ameshuka kwenye pikipiki kutoka Kanamkemer akiwa na gunia la majani ya shubiri mgongoni. Hakuwahi kuketi darasani. Juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia alivaa abarait, kile kisu cha duara ambacho wanaume wa Kiturkana huvaa kama bangili, makali yake yamefunikwa kwa ukanda wa ngozi. Ejore, mwenye shahada ya kemia na miaka ishirini na miwili ya kufundisha, alitazama kisu akaona ushamba, akatazama gunia akaona mgongo wa kulibebea. Kosa hilo halina budi kutangulia hapa, kwa kuwa mengine yote yalipitia mlango huo.

Majani yenyewe yalikuwa takataka. Kuanzia viunga vya Lodwar hadi Kalemng'orok watu hukata shubiri, huisimamisha juu ya sufuria ichuruzike utomvu wake mchungu, huuchemsha utomvu ule na kuwauzia wanunuzi. Jani lililokwisha kuchuruzika hutupwa. Jani jembamba lililobabuliwa na kiangazi mpaka likawa jekundu, hilo halikatwi kabisa. Ejore alikuwa na swali moja tu kuhusu majani hayo ya daraja la mwisho: je, ute uliobaki ndani yake bado una zile sukari ndefu, zilizoungana kama shanga katika uzi, ambazo wataalamu huziita polisakaridi na ambazo husemwa kuwa hulinda kidonda kibichi? Mkuu wa chuo alimpa chumba kimoja chenye feni mbovu, mapipa mawili ya spiriti, na ruhusa ya kuajiri wachukuzi.

Wiki ya pili mwanafunzi aliyekuwa akichuna majani aliugua malaria, Namuria akakaa mahali pake bila kuombwa. Alivua ule ukanda wa ngozi, akageuza mkono, na kisu kikapita chini ya ganda la jani kana kwamba kimeelekezwa na jani lenyewe. Ganda lilitoka zima. Ute ulibaki kama kipande cha kioo, bila hata uzi mmoja wa kijani. Ejore alipima. Ute wa mwanafunzi ulikuwa umechafuka kwa utomvu mchungu. Wa Namuria haukuwa na doa. Kutoka hapo kazi ikawa ya wawili. Ejore aliusaga ute, akaupasha katika maji ya moto yasiyochemka, akauchuja kwa kitambaa. Namuria alishika mtungi wa spiriti. Spiriti ilipomiminwa katika maji yale yaliyopoa, weupe ulizuka katikati kama wingu, ukajikusanya, ukawa nyuzi. Mara ya kwanza Namuria aliangalia kwa muda mrefu. Kwa Kiturkana, lugha waliyozungumza wakiwa peke yao, alisema inafanana na maziwa yanayokumbuka kwamba yalikuwa nyama.

Habari za kisu hicho alizitoa akichuna, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Ilikuwa Nakalale, miaka kumi na minne iliyopita. Wavamizi waliingia alfajiri, kabla mbuzi hawajafunguliwa. Mumewe, Ekiru, alipigwa risasi ya shingo akiwa ameinama kuondoa tawi la miiba mlangoni mwa boma. Aliangukia miiba ileile, na kwa muda mfupi Namuria alidhani anahangaika kujinasua. Mvamizi mmoja alimkanyaga ili apite. Namuria alikivua kisu kutoka mkononi mwa mumewe, akakivaa, na mtu yule alipogeuka akamkata kuanzia sikioni hadi chini ya kidevu. Alisema damu ilikuwa na joto kuliko alivyotarajia. Alisema mtu mwenyewe alikuwa kijana, ndevu hazijamtoka, na kwamba alimwita mama yake kwa lugha ambayo Namuria hakuijua, ila neno lile halikuhitaji mkalimani. Mwingine akampiga Namuria kwa kitako cha bunduki. Alipozinduka jua lilikuwa limepanda, boma lilikuwa tupu, na nzi walikuwa wameenea kwa wafu wote wawili bila kubagua.

Mwanamume aliyeua adui huchanjwa alama begani, na mbuzi huchinjwa ili damu iliyomwagika isimfuate nyumbani. Wazee wa Nakalale walikaa siku tatu na hawakujua ni wapi pa kumchanja mwanamke. Wakamwacha hivyo hivyo. Namuria alishuka hadi Lodwar, akapanga chumba cha mabati Kanamkemer, na kwa miaka mingi alipika chapati kando ya barabara, kisu kikiwa mkononi. Mlevi mmoja aliwahi kumdhihaki, akimwita bwana mkubwa na kumwuliza ameacha wapi mke wake. Namuria alimjibu kuwa mkewe amekaa hapa, anauza chapati, na kama ana njaa anunue. Watu walicheka na mlevi akanunua. Lakini Ejore, alipokuwa akisikiliza, aliona kwamba mwanamke huyu hakuwa amelisahau swali ambalo wazee walishindwa kulijibu.

Mwezi wa tatu wa kazi mavuno yaliongezeka ghafla. Kwa kila kilo ya ute walikuwa wakipata gramu tatu za poda kavu. Sasa walipata karibu tano. Ejore alifanya kipimo cha jumla ya sukari kwa asidi kali, na rangi ya machungwa ikakolea kuliko wakati wowote. Alifurahi. Aliandika ripoti kwa mkuu wa chuo kwamba majani yaliyotupwa ni bora kuliko ilivyodhaniwa, akampongeza Namuria kwa mikono yake safi, na Namuria akainamisha kichwa. Kipimo kile hakichagui: huhesabu sukari yoyote, itoke wapi. Ejore alilijua hilo. Alikuwa akilifundisha kila mwaka, kila muhula wa kwanza, ubaoni, kwa chaki. Kulikuwa na kipimo kingine cha kuondoa shaka, tone moja la iodini, ambalo hugeuka buluu penye wanga. Siku za mwanzo alikuwa akilidondosha kila wiki katika kigae cheupe chenye vishimo, Namuria akiwa amesimama kando yake. Mwezi wa tatu hakulidondosha. Mtu anayependezwa na jibu haulizi swali mara mbili.

Poda ikafungwa katika pakiti ndogo, na kikundi cha akina mama kikaipeleka sokoni. Ejore alikuwa amesema, kwa mdomo tu, kwamba inafaa kwa vidonda vidogo vya moto. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mshonaji mmoja kutoka Sudan Kusini, jina lake Ayen, alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, Atem, aliyetumbukiza mkono katika sufuria ya uji. Ayen alinyunyiza poda ile kwenye mkono asubuhi na jioni. Siku ya tano mkono ulitoa harufu. Siku ya tisa madaktari wa kambi waliukata chini ya kiwiko.

Simu ilipigwa Jumatano na Thuok, mwenyekiti wa block ya akina Ayen, yaani mtaa wao kambini, mtu mwenye Kiswahili cha taratibu. Alieleza yaliyompata mtoto. Kisha akasema kwamba baba wa mtoto, Kuol, na ndugu wa baba, Manyok, wameapa mbele ya watu kuuchukua mkono uliotengeneza poda ile. Wanajua ni mwanamke wa Lodwar mwenye kisu cha duara. Wasipoletewa watashuka wenyewe, na vijana wa kwenda nao wapo.

Ejore alimweleza Namuria yote. Alimshauri aende kwa dada yake Kalemng'orok, akae huko mpaka moto upoe. Dada alikuwa amekwisha kutuma ujumbe kwamba kitanda kipo. Namuria aliuliza jina la mtoto, akalirudia mara mbili. Kisha akauliza kama lile tone la kwenye kigae linaweza kuonyesha mbele ya watu kama poda ni safi. Ejore akajibu kwamba hilo ndilo hasa tone liwezalo. Wataona kwa macho yao kuwa poda haina kosa, kwamba mkono uliharibiwa na maji machafu au bendeji.

“Na kama itabadilika?” aliuliza Namuria.

“Haitabadilika, mama. Mimi nimeipima.”

Namuria alimwangalia, akasema basi waende Ijumaa.

Waliondoka na pikapu ya chuo baada ya chai, pakiti tisa ndani ya katoni, moja kutoka kila sinia la kukaushia, na chupa ndogo ya iodini katika mfuko wa shati la Ejore. Walipokuwa wamebakisha robo ya safari Namuria alianza kuongea huku macho yakiwa nje, kwenye miti ya mathenge iliyojaa vumbi. Alisema mama wa yule kijana wa Nakalale lazima alingoja. Kila mwaka yeye Namuria amekuwa akifikiri kwamba siku moja mtu fulani atakuja kutoka upande ule, mwanamume au mwanamke, kumwuliza habari za kijana huyo.

“Nakalale hakuna aliyekuja kuniuliza,” alisema.

Ejore alimwambia kwamba hayo yalikuwa vita, na haya ni jambo la maabara. Alidhani amemtuliza.

Walikuta watu kama mia mbili katika uwanja mkavu mbele ya kibanda cha Thuok. Kuol alikuwa mrefu, macho mekundu, hana silaha yoyote. Manyok, nduguye, alikuwa na panga jipya, bado lina karatasi ya duka kwenye mpini. Vijana nyuma yao walikuwa na fimbo, na wawili waligonga fimbo zao ardhini pamoja, polepole, bila kusimama. Ayen hakuwepo; alikuwa hospitalini na mtoto. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha pikapu kabla Ejore hajafungua mlango. La pili lilimpata juu ya sikio. Alihisi kwanza joto, halafu shati likilowa. Thuok alipaza sauti kwa Kidinka, akasimama mbele yao ametandaza mikono miwili, na mawe yakakoma, ingawa fimbo ziliendelea kugonga.

Ejore aliomba meza. Ikaletwa ya plastiki. Alieleza kwa Kiswahili chepesi, Thuok akitafsiri, kwamba dawa hii ya kahawia ikikutana na unga wa chakula hugeuka buluu; isipokutana na unga hubaki kahawia. Alidondosha tone kwenye uji mkavu uliobaki katika bakuli la mtoto wa jirani. Likageuka buluu ya kukaribia weusi, na watu wakasogea. Kisha akapasua pakiti ya kwanza, akamwaga poda kidogo kwenye kifuniko cheupe cha ndoo, akaidondoshea tone. Alikuwa na uhakika kiasi kwamba hakuitazama poda. Alimtazama Kuol usoni, apate kuona hasira ikimtoka.

Alichokiona usoni mwa Kuol kilikuwa kitu kingine. Alipoinamisha macho, tone lilikuwa buluu.

Akapasua ya pili. Buluu. Ya tatu ilifunguka vibaya ikamwagika mezani, na penye matone pote palikuwa na michirizi ya buluu kama mishipa. Fimbo ziliacha kugonga. Ejore alisikia damu yake mwenyewe ikidondoka kwenye plastiki ya meza.

Namuria ndiye aliyesema. Alisema kwa Kiswahili, kile cha sokoni, ili wamsikie bila mkalimani.

“Ute inashika kwa sinia. Ukitoa inakatika. Mimi nilikuwa napika chapati. Nikaweka unga chini, kidogo kidogo, kama ubao ya chapati. Unga ya msaada. Imekaa kwa gunia, panya imetembea. Mwalimu hajui. Ni mimi.”

Manyok alimwuliza kama anajua maana ya anachosema. Namuria akajibu kwamba anajua. Akavua ukanda wa ngozi, akakivua na kisu chenyewe, kisu ambacho Ejore hakuwahi kukiona kikitoka mkononi mwake, akakiweka mezani katikati ya poda na buluu. Kisha akaweka mkono wa kulia kando yake, vidole vimekunjuliwa. Penye kisu ngozi yake ilikuwa nyeupe kidogo, laini, kama ya mtu mwingine.

“Mtoto wako anaitwa Atem,” alimwambia Kuol. “Mkono ni hii.”

Kuol hakusogea. Manyok ndiye aliyeinua panga, na Ejore Epuyo, mwenye shahada, aliyelikosa tone la mwezi wa tatu, alirudi nyuma hatua moja. Hatua ile amekwisha kuipima mara nyingi. Ina urefu wa sentimita sabini hivi, na kama ingekuwa ya kwenda mbele ingetosha kuufikia mkono wa Manyok.

Panga lilishuka. Kuol, labda bila kujua anachofanya, alimsukuma nduguye bega, na makali yakakosa kifundo. Yalipita kwenye vidole. Vitatu vilibaki mezani, meza ikapasuka. Namuria alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyenyanyua mzigo mzito, akakaa chini kwenye vumbi na kuushika mkono kwa mkono. Manyok alilitazama panga, akalitupa mbali naye kana kwamba limemwunguza, na vijana wale wenye fimbo wakawa ndio wa kwanza kukimbia.

Thuok alimfunga Namuria mkono kwa kitambaa cha kichwa cha mtu, wakampakia nyuma ya pikapu. Lakini habari zilikuwa zimewatangulia kwa pikipiki. Karibu na Kakuma mjini barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe na tairi linalowaka. Vijana wa Kiturkana, labda mia, labda zaidi, walikuwa wamekwisha kuvunja vibanda viwili vya wafanyabiashara wa kambini. Kimoja kilikuwa kikiungua na viatu vya plastiki vilivyokuwamo, moshi mweusi, harufu ya kukata pumzi. Mzee mmoja mwenye kibanda, mtu wa kambini, alikuwa amelazwa chini, uso umevimba hadi macho kufunga, na kijana mmoja alikuwa bado anampiga teke la mbavu, bila haraka, kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa. Kiongozi wao, Nabei, alikuja kwenye pikapu, akaona damu, akageuka kuwaambia wenzake kwamba ni kweli, wameukata mkono wa mama yetu, twendeni kambini.

Namuria alisimama. Ejore alijaribu kumzuia akashindwa. Alisimama nyuma ya pikapu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa ili damu ipungue, kitambaa chekundu chote, na kuwaambia kwa Kiturkana kwamba mkono ni wake na hakumpa mtu yeyote wa kuusemea. Alisema yeye ndiye aliyemkosea mtoto wa watu. Alisema aliwahi kuua mtu Nakalale, mdogo kuliko Nabei, na kwamba yeyote kati yao anayetaka kwenda kambini aje kwanza amwulize ile damu ina joto gani.

Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Nabei alisema, sasa kwa sauti ya mtoto anayebishana nyumbani, kwamba basi wao ndio wameonekana wajinga. Namuria akamwambia kwamba naam, na amwinue yule mzee. Nabei akaenda akamwinua. Mzee alipakiwa ubavuni mwa Namuria, naye akapumua kwa shida mpaka hospitalini. Siku ile hakuna mwingine aliyepigwa Kakuma.

Katika wodi Namuria alilazwa vitanda vinne kutoka kwa Atem. Jioni Ayen alikuja na kikombe cha maji. Hakumsalimu. Alisimama, akamshikia kikombe mdomoni kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umefungwa na mwingine una mpira wa dripu, na maji yalipokwisha akarudi kwa mwanawe. Polisi walipouliza ni nani aliyemkata, Namuria alisema hakumwona. Manyok alijipeleka mwenyewe siku iliyofuata.

Namuria hakurudi maabara. Yuko Kalemng'orok kwa dada yake, anachunga mbuzi sita, na kisu amekivaa mkono wa kushoto. Ejore alimfuta katika safu ya wachukuzi na kumwandika kushoto, kwa watafiti, kitendo ambacho kilipokwisha kilionekana kidogo mno. Kwa miezi kadhaa aliwasimulia wenzake kwamba buluu ile iliwashangaza wote wawili: kwamba mama wa watu alikwenda Kakuma akiamini kuwa ni safi, akaiona kweli pale mezani, na hakukimbia. Aliona kwamba hilo lilitosha kumwita mtu shujaa.

Mwezi wa kumi chumba kilipakwa rangi upya. Fundi alipovuta kabati la masinia alikuta nyuma yake kitu kimefungwa katika kanga ya Namuria, akampa Ejore. Kilikuwa kigae cheupe chenye vishimo. Vishimo tisa vilikuwa na poda, tisa kwa masinia tisa, na kila kimoja kilikuwa kimekauka na rangi ya buluu. Ejore alimwuliza askari wa lango, Wal, kama anakumbuka. Wal alikumbuka bila kufikiri. Ilikuwa Alhamisi, alisema, wakati mwalimu amekwenda chakula cha mchana, siku moja kabla ya safari. Mama aliomba ufunguo, akakaa ndani nusu saa, akaurudisha ukiwa umefutwa, na kumwuliza gari la chuo huondoka saa ngapi.